Shushushu wa Bustani Namba 27

Kabla Rosemarie Uhlig hajavua koti asubuhi ile ya Alhamisi, bibi mmoja alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wageni, miguu haigusi sakafu, mkoba mapajani, kofia imesimama kichwani kama imepigiliwa msumari.

"Wewe ndiye uliyempa Lothar Beyer jina langu?"

"Wewe ni nani, mama?"

"Elfriede Lohse. Bustani namba 27, chama cha bustani cha Jioni Njema. Tangu Jumatatu naitwa pia Figili. Miaka sabini na minne nimeishi duniani sijui kumbe mimi ni figili."

Uhlig alikaa polepole. Miaka ishirini na miwili alikuwa polisi, dawati la wezi wa baiskeli, na hakuna baiskeli iliyopotea Wolkenroda ambayo hakuijua kwa mlio wa kengele yake. Ukuta ulipoanguka na nchi yao ya Ujerumani Mashariki ikafungwa kama duka lililofilisika, walimhamishia ofisi ya mafaili. Humo ndimo yalimolala maandishi yote ya Idara, ile iliyojiita ngao na upanga wa Chama, na ambayo raia waliiita Sikiliza-na-Chungulia, wakishageuka kwanza kuangalia nyuma. Miaka arobaini Idara ilisikiliza na kuchungulia. Ilifungua barua za watu kwa mvuke na kuzibandika tena. Ilihifadhi harufu za watu kwenye chupa, ili mbwa wapate pa kuanzia siku ikihitajika. Mafaili ya Wolkenroda peke yake, mji wa watu elfu tisa, yangepangwa mstari mmoja yangefika Prague, yakanywa bia, yakarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa sheria ilimruhusu kila aliyefuatiliwa kusoma faili lake, na kuuliza jina halisi la aliyemchongea. Kazi ya Uhlig ilikuwa kujibu. Unachukua jina la bandia, unavuta kadi, unapata namba. Unachukua namba, unavuta kadi ya pili, unapata jina la mtu. Wiki iliyopita Beyer aliuliza: Figili ni nani? Uhlig akavuta kadi mbili, akagonga mhuri, akaandika: Lohse, Elfriede. Ilimchukua dakika sita.

"Kadi hazidanganyi, Bi Lohse," alisema. Alikuwa akiwaambia hivyo wote, na wengi walilia hapo hapo.

Bi Lohse hakulia. "Keshokutwa saa tisa kuna mkutano wa chama. Bwana Pietsch, mwenyekiti, ameniweka kwenye ajenda. Namba tatu. Kati ya pampu mbovu na Mengineyo. Wanapiga kura kuninyang'anya bustani. Nimeilima tangu mwaka hamsini na moja. Udongo ule nimeubeba kwa ndoo kutoka mtoni, mimi na marehemu mume wangu. Nikitoka pale, niende wapi? Nikapande vitunguu kwenye roshani ya ghorofa ya nane?"

"Kapteni Wendler wa Idara. Unamfahamu?"

"Namfahamu sana."

Uhlig alikuwa amejiandaa kwa "simjui". Wote husema simjui. Kalamu ikabaki hewani.

"Alikuja mwaka sabini na nane," bibi aliendelea. "Kakaa kwenye benchi langu, katoa kitambulisho, kaniambia nchi inahitaji macho na masikio yangu. Nikamwambia, mwanangu, macho yangu yana mtoto wa jicho, na masikioni siri ikilala usiku mmoja naumwa tumbo. Hapana. Akasema sawa. Akasema naomba kipande kingine."

"Kipande cha nini?"

"Cha keki ya plamu. Unadhani nini?"

"Halafu?"

"Halafu akaja Alhamisi iliyofuata. Na nyingine. Miaka mitano."

"Kufanya nini, kama ulikataa?"

"Kula! Wewe hukumwona. Alikuwa mwembamba kama mti wa kupandishia maharage. Mkewe kamkimbia, kaenda na dereva wa treni. Tuliongea habari za nyuki, na za magoti yangu. Habari za Lothar Beyer sikumpa hata chembe. Lothar na mimi tumegawana ua mmoja wa miti miaka thelathini na moja. Yeye hukata upande wake, mimi wangu, tunakutana katikati tunavuta sigara. Tangu Jumatatu ananipita kama nguzo ya umeme."

Aliteremka kwenye kiti, akanyoosha kofia ambayo haikuwa imepinda.

"Kagua tena kadi zako, binti. Nakungoja."

*

Jioni ile Uhlig hakwenda nyumbani. Alilivuta faili la Figili, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akasoma.

Taarifa arobaini na moja. Zote zimepigwa chapa na Wendler mwenyewe, na juu ya kila moja: *kwa maelezo ya mdomo*. Hati ya kukubali kazi, ambayo mtoa habari alitakiwa kuiandika kwa mkono wake, haikuwamo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja: *amekubali kwa kupeana mkono*. Hilo liliruhusiwa kwa wazee na kwa waoga wa karatasi. Halikuthibitisha lolote. Lakini polisi wa baiskeli aliyelala ndani ya Uhlig alifumbua jicho moja. Kurasa mia moja na kumi, na hakuna hata herufi moja ya mkono wa Bi Lohse.

Taarifa ya thelathini na tatu ndiyo iliyommaliza Beyer. Agosti 1983 aliomba ruhusa ya kwenda Hannover, upande wa pili wa mpaka, mama yake akiwa mahututi. Alinyimwa. Sababu iliyoandikwa: *rejea taarifa ya Figili*. Oktoba mama akafa, na Beyer akapata telegramu.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda Jioni Njema. Bustani themanini na nne, kila moja na kibanda chake, mti wake wa tufaha na ua wake uliokatwa usawa wa mita moja na robo, si zaidi. Mwenyekiti Gotthard Pietsch alikuwa mlangoni na kipimo cha mbao mkononi. Alikuwa na sikio lililosikia nyasi zikiota, na jicho lililojua zimeota kwa kibali cha nani.

"Umechelewa," alisema. "Ajenda imeshabandikwa."

"Nina swali moja. Kibanda chako kinatazamana na namba 27 na namba 28. Wewe ndiye uliyeweza kumwona Beyer kila siku. Una uhakika Figili si wewe, Bwana Pietsch?"

Pietsch aliiva uso mzima. Kisha aliingia ndani, akarudi amekumbatia madaftari, ishirini na matano, yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Kila siku tangu mwaka sitini na tisa," alisema akihema. "Nani kazidisha ua. Nani kachoma majani siku isiyo yake. Nani kaanika chupi Jumapili. Mimi niyaandike haya, halafu nimpe mtu mwingine? Wapeleke mjini wakayachanganye? Daftari ni langu, mama! Wao waliniomba mara mbili. Niliwaambia watafute la kwao."

Uhlig alimwamini, na hilo lilimtia huzuni, maana shushushu aliyemtamani alikuwa ameyeyuka mbele yake. Huzuni ikazidi alipofungua daftari la mwaka themanini na tatu. *Alhamisi, saa tisa na dakika kumi. Mwanaume wa koti la kahawia, namba 27. Ameondoka saa kumi na nusu, anapangusa mdomo.* Alhamisi baada ya Alhamisi. Kadi zilimtaja, bibi mwenyewe alikiri Alhamisi zake, na sasa daftari lilikuwa limeongeza mhuri wake.

"Umeona?" Pietsch alisema. Sauti yake haikuwa ya ushindi. "Unadhani napenda? Alinifundisha kupandikiza miti ya pea. Nilikuwa sijui hata pa kushika kisu."

Uhlig alikwenda kukaa kwenye benchi la njia kuu, faili mapajani. Hakuwa na la kufanya ila kusoma upya.

Kengele ya kanisa ikagonga saa saba. Papo hapo mahali pote pakanyamaza. Nyundo iliishia katikati ya msumari. Redio zilizimwa moja moja kama mishumaa. Mtu aliyekuwa akimkaripia mbwa aliendelea kumkaripia kwa ishara. Hata nyuki, ukimsikiliza Pietsch, huwa wanashusha sauti saa ile. Ni mapumziko ya mchana, saa saba mpaka saa tisa. Katika bustani za nchi ile, serikali zimekuja na kuondoka, mipaka imesogezwa, sarafu zimebadilishwa, lakini hakuna aliyethubutu kugusa mapumziko ya mchana. Na ya Jumapili ndiyo makali kuliko yote.

Uhlig aligeuza ukurasa. Mzee wa namba 40 akachungulia juu ya ua, akaweka kidole mdomoni.

"Samahani," Uhlig alinong'ona. Kisha akaganda.

Alirudi taarifa ya thelathini na tatu. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

*Jumapili tarehe 14 Agosti 1983, saa saba na nusu mchana, Figili alimwona Beyer akikata nyasi kwa mashine yake ya umeme. Kibandani redio ilikuwa imefunguliwa kwenye stesheni ya Magharibi. Beyer alionekana mchangamfu. Alisema akishafika Hannover hatarudi.*

Basi. Taarifa iliishia hapo.

Alisimama. Alitembea kwa ncha za vidole mpaka kibanda cha Pietsch, akagonga kioo kwa ukucha mmoja.

"Mtu akiwasha mashine ya nyasi hapa, Jumapili, saa saba na nusu," alinong'ona, "jirani yake angefanya nini?"

Pietsch alishika kifua. "Nani?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Angepiga kelele. Angekuja kwangu anakimbia. Tungeitisha kikao. Mwaka sabini na nne mtu aliwasha kekee dakika nne, mpaka leo mjukuu wake hapewi salamu kamili."

"Bi Lohse je?"

"Elfriede? Elfriede angeng'oa waya ukutani kwa meno."

"Asingeiacha ipite. Aseme: alikuwa anakata nyasi, halafu aende kwenye habari ya redio, kana kwamba si kitu."

"Mama, hakuna mtu wa bustani duniani anayeweza kuiacha hiyo ipite."

"Tarehe 14 Agosti themanini na tatu," Uhlig alisema. "Tafuta."

Pietsch alipekua, midomo ikicheza. Akageuza daftari. Mwandiko wake mdogo, mnyoofu: *Jumapili. Mapumziko ya mchana: kimya kamili katika bustani zote. Nimefurahi.*

"Aliyeandika taarifa hii," Uhlig alisema polepole, "hajawahi kuwa na bustani. Anakaa ghorofani. Kwake yeye Jumapili mchana watu hukata nyasi."

*

Kapteni mstaafu Egon Wendler aliishi ghorofa ya tano, na ndege wawili wa kijani na saa ya ukutani iliyokwenda mbele. Alikuwa bado mwembamba. Alimkaribisha Uhlig kwa adabu, akamwekea kiti dirishani ambapo mwanga ungempiga mgeni usoni. Uhlig akakivuta kivulini.

"Mazoea," Wendler alisema.

"Hata mimi. Figili ni nani?"

"Unazo kadi."

"Ninazo. Na nina Jumapili moja, mashine ya nyasi, saa saba na nusu. Bi Lohse alisikia mashine hiyo, Kapteni, asilalamike?"

Wendler alinyanyuka, akawapa ndege maji ambayo tayari walikuwa nayo.

"Hilo ndilo lililoniumbua?" alisema mwisho. "Wakubwa wangu walipitia faili lile mara nne. Mara nne! Nilipewa barua ya pongezi."

"Wakubwa wako nao walikaa ghorofani. Eleza."

"Kulikuwa na mpango wa mwaka. Viwanda vilikuwa na mpango wa soksi, sisi tulikuwa na mpango wa watoa habari. Mwaka ule nilitakiwa kuleta wapya wanane. Nilikuwa nao saba. Nikaenda kwa Bi Lohse. Akanikatalia waziwazi, na keki mdomoni mwangu." Alikaa. "Ningeandika amekataa, nisingeruhusiwa kurudi. Afisa hana ruhusa ya kumtembelea raia bila sababu. Nikaandika amekubali. Basi nikawa na wanane, na nikawa na Alhamisi."

"Na taarifa?"

"Mtoa habari asiyeleta habari wanamfuta. Kila walipodai nilitunga taarifa moja. Nilikuwa mwangalifu, Bi Uhlig. Fulani kasifu nyanya zake. Fulani kalalamikia pampu. Vitu vitupu kabisa. Hakuna aliyekuwa akisoma. Yalikuwa yanaingia kwenye sanduku, na sanduku kwenye ghala."

"Redio ya Magharibi? Hannover?"

Ndege walikuwa wakigombana. Wendler aliwafunika kitambaa.

"Mkuu alisema Figili amepoa. Aliniambia nimfute. Nikatia chumvi. Mara moja tu. Nilichukua jina la jirani kwa sababu nililiona kwenye sanduku la barua, na barua ya Hannover ikichungulia humo."

"Hiyo moja waliisoma."

"Nilijua Novemba. Tangu hapo sikuweza kwenda tena. Nilimwandika Figili kuwa mgonjwa, nikalifunga faili."

"Kesho saa tisa wanamfukuza," Uhlig alisema. "Mimi nitawaeleza. Lakini mimi ni yule aliyegonga mhuri Jumatatu. Nikisema kadi imedanganya, watasema nimehongwa kabichi. Inatakiwa useme wewe."

"Mbele ya watu? Nina mafaili thelathini, Bi Uhlig. Nikikiri moja ni la kutunga, watayacheka yote. Na hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote."

"Saa tisa. Ukumbi ulio nyuma ya pampu."

Alimwacha kitini. Mlangoni aligeuka.

"Usije mapema. Watu watakuwa wamelala."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bi Lohse alikaa safu ya mbele na kofia yake ya msumari. Lothar Beyer, fundi bomba mstaafu, mabega kama kabati, alisimama mwisho kabisa karibu na mlango, mikono kifuani.

Ajenda ya kwanza ilipita. Ya pili, pampu, ikachukua dakika hamsini na kumtoa mtu mmoja machozi. Uhlig aliangalia mlango, akaangalia saa, akaangalia mlango. Pietsch alipofika ya tatu alikunywa maji glasi nzima.

Uhlig alisimama, akasema yake. Alisema alivuta kadi mbili akaziamini, kwa dakika sita. Alisoma taarifa, Beyer akiwa ameridhia isomwe. Alipofika kwenye mashine ya nyasi, ukumbi wote ulivuta pumzi. Mama mmoja akasema, "Jumapili?" Pietsch akasoma kutoka daftarini: kimya kamili. Minong'ono ikapanda kama maji kwenye sufuria.

"Ni maneno tu," mzee wa namba 40 alisema. "Koti la kahawia tuliliona wote. Alikuja kufanya nini?"

"Alikuja kula," sauti ilisema mlangoni.

Wendler alikuwa amesimama pembeni ya Beyer, hana koti, amevua na kofia. Hakuwa anajua ni nani aliye karibu naye. Alisimulia yote, kwa sauti ya kupiga chapa, bila kujitetea: wanane, saba, keki, Alhamisi. Walicheka mara moja, waliposikia habari ya mpango wa mwaka, kwa sababu nao walikuwa wameitunga mipango yao viwandani, soksi za mguu mmoja mmoja. Hawakucheka aliposema Hannover.

"Bi Lohse hakunipa neno," alimalizia. "Ile taarifa ya Beyer niliitunga mimi, nimekaa jikoni kwangu. Sikumjua. Hata sura yake siijui."

"Ni hii," Beyer alisema.

Wendler aligeuka. Hakurudi nyuma, ingawa kila mtu ukumbini angemruhusu.

Pietsch aligonga meza kwa kipimo. "Ajenda imo, lazima ipigiwe kura. Wanaotaka Bi Lohse aondolewe namba 27, wanyooshe mikono."

Paka alipita katikati ya ukumbi, akasikika.

"Wanaopinga."

Mikono yote. Bi Lohse alinyoosha yote miwili, Pietsch akamwambia mmoja unatosha.

Beyer alipita katikati ya viti mpaka safu ya mbele, akasimama mbele ya Bi Lohse, kofia mkononi.

"Siku tano, Lothar," bibi alisema. "Siku tano nimekata ua ule peke yangu na magoti haya."

"Ungeniambia."

"Nikuambie vipi, unanipita kama treni? Kaa hapa." Akamsogezea kiti. "Na yule pale mlangoni atapata baridi. Mwite."

"Elfriede."

"Mwite au usimwite, ni juu yako. Mama alikuwa wako."

Beyer hakukaa. Alikwenda meza kuu, akachana karatasi mbili kutoka daftari jipya la Pietsch, na Pietsch, kwa mara ya kwanza tangu mwaka sitini na tisa, hakusema kitu. Akaziweka mezani pamoja na kalamu.

"Njoo ukae," alimwambia Wendler. "Utaandika upya. Tarehe 14 Agosti themanini na tatu. Kwa mkono wako, na chini jina lako la kweli. Bi Uhlig ataiweka kwenye faili, juu ya ile nyingine."

Uhlig aliitikia kwa kichwa. Hakukuwa na kanuni ya kitu kama hicho. Angeitafuta Jumatatu.

Wendler alikaa. Aliandika tarehe.

"Ulikuwa unafanya nini siku ile?"

"Nilikuwa kibandani. Namwandikia mama barua, nimwambie naja."

Kalamu ilikwaruza. Watu hawakutoka. Walisogea karibu, viti vikinyanyuliwa visikwaruze sakafu.

"Aliitwa nani?" Wendler aliuliza bila kuinua uso. Katika faili zima la Lothar Beyer, kurasa mia mbili na tatu, jina hilo halikuwamo.

Beyer alivuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Wilhelmine," alisema. "Andika."